Bega Linauma, Mgonjwa ni Pafu

  Kama uko jikoni, endelea na mapishi yako huku sikio ukiniachia mimi. Kama uko barabarani, safiri salama. Na kama umekaa hapo umelikunja bega kwa sababu linakuuma, na usiku wa jana halikukuacha ulale, sogea karibu na redio, maana leo nazungumza na wewe zaidi.

Mada yetu ni uvimbe unaoota juu kabisa ya pafu. Najua ukisikia ugonjwa wa pafu, mawazo yanakimbilia kikohozi, makohozi yenye damu na kubanwa na pumzi. Hayo tutayagusa, lakini baadaye. Leo tutaanza begani. Kutoka begani tutashuka mkononi mpaka kidole cha mwisho. Halafu tutapanda usoni mpaka kwenye kope la jicho. Utaniuliza: pafu na kope wapi na wapi? Vuta subira, tutafika.

Neno la leo ni fupi, nami nitalirudia mpaka ulizoee: bega linaweza kuuma, na mgonjwa akawa pafu.

Lakini kwanza niondoe hofu. Mabega mengi yanayouma hayana saratani hata kidogo. Mtu amebeba gunia sokoni, amelima tangu alfajiri, ameendesha bodaboda kutwa nzima, au ana kisukari na bega limekakamaa. Hayo ndiyo tunayoyaona kila siku. Uvimbe wa juu ya pafu ni wa nadra. Ukichukua saratani zote za mapafu, huu ni sehemu ndogo tu, haupiti asilimia 5 au hapo hapo. Basi kwa nini tuuzungumzie? Kwa sababu unajificha. Unampeleka mgonjwa kwa mtu asiyehusika, tena kwa miezi, na miezi hiyo ndiyo yenye thamani kuliko yote.

Sasa tufanye jambo moja pamoja. Nyoosha mkono, uguse mtulinga wako, ule mfupa unaotoka chini ya koo kuelekea begani. Umeupata? Juu yake, upande wa shingoni, kuna kijishimo. Weka kidole hapo taratibu. Watu wengi wanadhani pafu linaishia chini ya mfupa huo. Sivyo. Ncha ya pafu inapanda juu ya mtulinga kwa sentimita mbili au tatu hivi, mpaka kwenye shina la shingo. Hapo ulipoweka kidole, chini yake kuna pafu.

Na hapo ni pembamba sana. Kuna ubavu wa kwanza, kuna uti wa mgongo kwa nyuma, kuna mishipa mikubwa ya damu inayokwenda mkononi, na kuna mishipa ya fahamu, ambayo wengi tumezoea kuiita neva. Vyote hivyo vimebanana kwenye nafasi ambayo hata yai la kuku lingetafuta pa kukaa.

Neva zinazotuhusu leo ni za aina mbili. Sikiliza vizuri, maana tukielewa hapa, mengine yote yatakuwa mepesi.

Aina ya kwanza ni neva za mkono. Zinatoka shingoni kama fungu, zinapita juu ya ubavu wa kwanza, zinaingia kwapani, zinashuka mkononi. Zile za chini kabisa katika fungu hilo zinapita karibu sana na ncha ya pafu. Kazi yake ni nini? Zinapeleka hisia upande wa ndani wa mkono, ule unaogusana na mbavu ukisimama wima, mpaka kwenye kidole cha mwisho na jirani yake, kidole cha pete. Na ndizo zinazoendesha misuli midogo ya kiganja, ile inayokuwezesha kufunga kifungo, kugeuza ufunguo na kuchambua mchele.

Aina ya pili ni neva zinazofanya kazi bila wewe kuzituma. Hizi ndizo zinazotanua mboni ya jicho gizani, zinazosaidia kope la juu libaki wazi, na zinazotoa jasho usoni. Njia yake ni ya mzunguko ajabu. Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka ndani ya uti wa mgongo mpaka kifuani, inatoka nje pale, inapita juu ya ncha ya pafu, kisha inapanda tena na mshipa mkubwa wa damu wa shingo mpaka kwenye jicho. Umeona sasa? Amri ya kufungua kope inapitia kifuani kwanza. Kitu kikiizuia pale, jicho litasema.

Basi uvimbe ukiota kwenye ncha ya pafu, hauna pa kwenda. Unasukuma majirani. Unabana neva, unazitafuna, unakula ubavu wa kwanza au wa pili, na ukiachwa unaweza kuufikia uti wa mgongo wenyewe.

Nikupe mfano wa nyumbani, mmoja tu. Koki ya jikoni haitoi maji. Unamwita fundi, anabadilisha koki. Maji hayaji. Anabadilisha tena, anaweka ya bei kubwa zaidi. Maji hayaji. Kumbe lori limekanyaga bomba kule barabarani. Koki haikuwa na kosa tangu mwanzo. Na bega ni hivyo hivyo: unaweza kulichua, kulipaka, kulichoma sindano na kulifanyisha mazoezi, na kosa likawa mahali pengine. Bega linauma, na mgonjwa ni pafu.

Sasa ugonjwa wenyewe unavyokuja. Nitamtunga mtu kwa ajili ya mazungumzo haya. Hayupo, lakini daktari yeyote wa kifua akimsikia atasema huyu namfahamu.

Ni seremala, amevuka hamsini, amevuta sigara tangu ujana wake. Anaanza kusikia maumivu nyuma ya bega, karibu na kombe. Analaumu nini? Analaumu randa. Kazi ya kusukuma randa miaka thelathini, bega litaacha kuchoka? Mkewe anamchua kwa mafuta usiku. Duka la dawa linampa diklofenaki. Anapata nafuu siku mbili, maumivu yanarudi. Jirani anamshauri apigwe chuku, anapigwa. Zahanati inamwambia ni baridi yabisi. Wote hao wana nia njema, na wote wanatibu bega.

Miezi inapita. Maumivu yanashuka. Yanaingia kwapani, yanapita upande wa ndani wa mkono, yanafika kwenye kiwiko, yanaishia kwenye kidole cha mwisho. Yanachoma kama moto, na usiku ndiyo zaidi. Mkewe akiamka anamkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameshika kiwiko cha mkono unaouma kwa mkono wa pili, amekibeba. Kitendo hicho kidogo, msikilizaji, kikumbuke. Wagonjwa wengi wa uvimbe huu hubeba kiwiko chao namna hiyo, kwa sababu mkono ukining'inia unazivuta neva zilizokwisha kubanwa.

Baadaye kidole cha mwisho kinakufa ganzi. Misumari midogo inaanza kumponyoka. Kifungo cha shati kinampa shida. Ukimtazama mgongo wa kiganja, kati ya gumba na kidole cha shahada, pale palipokuwa na mnofu sasa pana shimo. Misuli imenywea.

Halafu siku moja mkewe anamtazama usoni wakati wa chakula: "Baba watoto, mbona jicho lako moja linasinzia?" Anakwenda kwenye kioo. Kweli, kope la juu upande wa bega linalouma limeshuka kidogo. Si kufumba jicho zima, ni kushuka kidogo tu. Na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya pili. Jambo jingine wanalolishangaa wote wawili: akifanya kazi juani, kofia yake inalowa jasho upande mmoja tu. Upande wa pili ni mkavu.

Tusimame hapo, tuhesabu alama tulizoziona.

Alama ya kwanza ni maumivu ya bega yasiyopona, yanayoshuka kwa upande wa ndani wa mkono kuelekea kidole cha mwisho, na yanayozidi usiku.

Alama ya pili ni mkono wenyewe: ganzi kwenye vidole viwili vya mwisho, udhaifu wa kushika vitu vidogo, na misuli ya kiganja kunywea.

Alama ya tatu ni uso: kope limeshuka, mboni imekuwa ndogo, jasho halitoki, vyote hivyo upande mmoja, upande ule ule wa bega.

Mtu si lazima awe na zote tatu. Wengi huanza na ya kwanza peke yake, na alama ya uso huwa haipo kwa kila mgonjwa. Lakini zikikutana mbili, usiseme tena habari ya kuchua. Zikikutana tatu, kifua kipigwe picha upesi.

Na hiyo mboni, unaweza kuitazama mwenyewe nyumbani. Mkae kwenye chumba chenye mwanga hafifu, siyo giza totoro, mtu akutazame macho yote mawili kwa pamoja. Kwenye mwanga hafifu mboni nzima hutanuka, na ile yenye hitilafu hushindwa, kwa hiyo tofauti huonekana zaidi. Juani mboni zote hujikunja, na tofauti inaweza kupotea machoni.

Naongeza onyo moja hapa. Kope likishuka ghafla na mboni ikawa ndogo, pamoja na maumivu makali mapya ya shingo au kichwa, hilo linaweza kuwa jambo la mshipa wa damu wa shingo. Usingoje hata kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Msikilizaji, labda unajiuliza: na kikohozi je? Mtu anaumwa pafu, tena saratani, na hakohoi? Ndiyo, inawezekana kabisa. Kikohozi na damu huja uvimbe ukiwa karibu na njia kubwa za hewa, katikati ya kifua. Huu wa leo uko pembezoni, juu kabisa, mbali na njia hizo. Unaweza kukua mpaka ukala ubavu kabla mtu hajakohoa. Ndiyo maana daktari akiuliza "unakohoa?" na mgonjwa akajibu "hapana", pafu linaachiliwa na bega linashikwa.

Wengine sauti hukwaruza na kuwa nzito, kwa sababu neva ya sauti nayo hupita maeneo hayo. Wengine mkono huvimba, kwa sababu mshipa wa damu umebanwa. Lakini hayo ni ya wachache zaidi.

Tupitie historia kidogo, maana inafundisha. Mwaka 1838, daktari Mwingereza Edward Hare alieleza habari za mgonjwa mwenye uvimbe chini ya shingo, maumivu yanayoshuka mkononi, kope lililoshuka na mboni iliyosinyaa. Wakati huo eksirei haikuwepo. Ilikuja kugunduliwa mwaka 1895. Mwaka 1869 daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, akaeleza kwa makini ile hali ya kope, mboni na jasho. Mpaka leo madaktari huiita kwa jina lake, dalili za Horner.

Halafu akaja Henry Pancoast wa Philadelphia, mmoja wa maprofesa wa kwanza wa eksirei nchini Marekani. Mwaka 1924, na tena mwaka 1932, aliwaeleza madaktari wenzake juu ya wagonjwa wenye maumivu ya bega na mkono, misuli ya kiganja iliyonywea, dalili za Horner, na kivuli juu kabisa ya kifua kwenye picha. Uvimbe huo sasa unaitwa uvimbe wa Pancoast. Na hapa pana jambo la kufikirisha. Pancoast aliamini kwamba uvimbe ule hautokani na pafu. Alidhani ni masalia ya chembe za tangu mtoto akiwa tumboni. Mwaka huo huo wa 1932, daktari José Tobías wa Argentina ndiye aliyeonyesha kwamba chanzo ni pafu lenyewe. Kwa hiyo usimlaumu sana mganga wa zahanati yako. Hata mtu ambaye ugonjwa huu umepewa jina lake aliona kila kitu sawasawa, isipokuwa pafu.

Sasa tuje kwenye vipimo, na hapa kuna mitego miwili. Nataka uijue yote miwili.

Mtego wa kwanza ni picha ya kawaida ya eksirei. Mgonjwa anasimama, anavuta pumzi, anapigwa picha ya kifua. Lakini ncha ya pafu imefunikwa na mtulinga na mbavu za juu. Uvimbe mdogo unaweza kujificha nyuma ya mifupa hiyo, na jibu likarudi: kifua ni safi. Mtego huu umewanasa wengi. Mtaalamu akitilia shaka, anaweza kumwambia mgonjwa ajilaze nyuma kidogo wakati wa kupigwa picha, ili mtulinga upande juu na ncha ya pafu ionekane. Na huangalia pande mbili kwa kulinganisha: je, juu ya pafu la kulia na la kushoto panafanana? Je, ubavu wa kwanza bado uko mzima, au umeliwa? Kwa hiyo, kama picha imesema safi na mkono wako unazidi kunywea, usiridhike. Omba kuangaliwa zaidi. Kipimo cha CT huonyesha pafu na mbavu vizuri. Kipimo cha MRI huonyesha neva na uti wa mgongo vizuri zaidi.

Mtego wa pili ni wa kwetu hasa, Afrika Mashariki. Ni kifua kikuu. TB nayo hupenda sehemu ya juu ya pafu. Mtu akionekana na kivuli juu ya pafu, huku kwetu fikra ya kwanza ni TB, na mara nyingi fikra hiyo ni sahihi. Tena TB yenyewe, na baadhi ya maambukizi ya fangasi, vinaweza mara chache kuleta dalili hizi hizi za neva. Kwa hiyo kivuli peke yake hakitoshi kusema ni saratani, wala hakitoshi kusema ni TB. Makohozi yapimwe. Na kama makohozi hayaonyeshi TB, au mtu ameanzishwa dawa za TB na bega halipoi wala kivuli hakipungui, asiambiwe tu "maliza dozi". Kivuli hicho kiulizwe upya.

Kinaulizwa vipi? Kwa kuchukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwa sindano. Mara nyingi sindano hupitishwa kwenye ngozi huku daktari akiongozwa na picha ya CT. Kipande hicho hupelekwa maabara, na hapo ndipo jina la ugonjwa hujulikana kwa hakika. Kuna watu wanaogopa kuchukuliwa kipande hicho, wanasema saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Nawasihi, hofu hiyo isiwazuie. Bila kipande hicho, daktari anatibu kwa kubahatisha.

Haya, imethibitika ni saratani ya juu ya pafu. Je, ndiyo mwisho?

Zamani wengi walijibu ndiyo. Uvimbe ulionekana umeshikamana na vitu vingi mno kiasi cha kutoweza kukatwa. Lakini mwaka 1961 madaktari wawili wa Dallas, Marekani, Shaw na Paulson, walionyesha njia: mgonjwa apate kwanza tiba ya mionzi ili uvimbe unywee, kisha apasuliwe. Miaka ya baadaye dawa za saratani za kupitishwa kwenye mshipa zikaongezwa pamoja na mionzi kabla ya upasuaji. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani Kaskazini kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa haujasambaa, zaidi kidogo ya wanne katika kila kumi walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa ugonjwa ambao babu zetu wangeukatia tamaa tu, hiyo ni hatua kubwa.

Lakini umesikia sharti? Haujasambaa. Na ndiyo sababu narudia ile habari ya miezi inayopotea kwenye kuchua na kupaka.

Kwa ambao upasuaji hauwezekani, mionzi bado ina kazi, tena kazi nzuri: hupunguza maumivu. Tiba ya mionzi inapatikana katika vituo vya ukanda wetu, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road pale Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta Nairobi, na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Haiko kila wilaya, najua. Safari ni ndefu na nauli ni mzigo. Ndiyo maana barua ya rufaa iombwe mapema, wakati mgonjwa bado anaweza kukaa kwenye basi.

Na maumivu yenyewe? Maumivu ya neva hayasikii panadoli. Nalisema wazi kwa sababu wagonjwa wengi huonekana wadekezi. Mtu analia usiku, watoto wanasema mzee amezidi. Hajazidi. Neva iliyobanwa huuma kama kitu kinachoungua. Kuna dawa za maumivu ya neva, mfano amitriptilini inayotolewa kwa dozi ndogo usiku, na kuna mofini. Usishtuke ukisikia mofini. Uganda kwa miaka mingi imekuwa ikitengeneza mofini ya maji ya kunywa kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii, kazi iliyopata nguvu baada ya Daktari Anne Merriman kuanzisha huduma ya hospisi Kampala mwaka 1993. Mgonjwa anaipima kwenye kizibo, anakunywa, analala. Ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo chake, mofini haimgeuzi mzee wako kuwa mteja wa madawa ya kulevya. Inamrudishia usingizi.

Kuna dalili moja ya dharura katika safari hii. Mgonjwa huyu akianza kuhisi miguu imelegea, au haja ndogo inagoma kutoka, au haiwezi kuzuilika, maana yake huenda uvimbe umeugusa uti wa mgongo. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Kuchelewa kunaweza kumwacha amepooza.

Nisimalize bila kutaja sigara, maana ndiyo chanzo kikubwa. Tangu mwaka 1950, watafiti wa Uingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walipolinganisha wagonjwa wa saratani ya pafu na wagonjwa wengine mjini London, ushahidi haujageuka. Iwe sigara ya paketi au msokoto wa nyumbani, pafu halijali bei. Nina wasikilizaji Tabora na Urambo ambao ada za watoto wao zimelipwa na tumbaku. Sina ugomvi na mkulima. Lakini mvutaji anayenisikiliza, kuacha leo kuna faida, hata kama umevuta miaka mingi, hata kama umeshaambiwa una ugonjwa. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi kwa mtu aliyeacha. Na kwa usiyevuta: saratani ya pafu inaweza kukupata pia, kwa hiyo usikubali mtu afunge mjadala kwa kusema "huyu hajawahi kuvuta".

Sasa, msikilizaji, tuhitimishe kwa jambo la kufanya. Kama wewe au mzee wako nyumbani ana bega lililouma wiki kadhaa bila kupona, nendeni hospitali na mseme mambo manne. Semeni maumivu yanaanzia wapi na yanaishia kidole gani. Semeni kama kuna ganzi au vitu vinaponyoka mkononi. Semeni kama kope, mboni au jasho vimebadilika upande huo. Na semeni ukweli kuhusu sigara: ni ngapi kwa siku, tangu lini. Mficha uchi hazai. Mgonjwa akisema "navuta kidogo tu" huku paketi iko mfukoni, anamnyima daktari sababu ya kukitazama kifua.

Kisha ulizeni swali moja, kwa heshima na bila kuogopa: "Daktari, tunaweza kupiga picha ya kifua, na sehemu ya juu ya pafu iangaliwe kwa makini?" Swali hilo halimdharau mtu. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba pafu ni zima, na mtarudi nyumbani kuendelea na mazoezi ya bega kwa moyo mweupe. Mara chache jibu litakuwa jingine, na hapo mtakuwa mmewahi.

Na ninyi wahudumu wenzangu wa zahanati, wachua misuli, wauza dawa, wapiga chuku: mteja huyo huyo akirudi mara ya tatu na bega lile lile, msimpe dawa ya nne. Mwambieni afungue kiganja, mwambieni awatazame machoni, halafu mwandikieni rufaa.

  Nawe, msikilizaji, mwambie na jirani aliyekosa kipindi, hasa yule anayelalamika bega kila mkikutana kisimani au kijiweni: bega linaweza kuuma, na mgonjwa akawa pafu.